Tumbo Langu la Kukatwa na Pombe ya Bakwe

Mwili wangu niliujenga mwenyewe, kilo kwa kilo, wala hakuna hata moja niliyorithi. Baba yangu alikufa mwembamba. Mimi nilianzia soko la Nyawera, hapa Bukavu, nikibeba magunia ya muhogo kichwani, shule nikiwa nimeiacha mwaka wa tatu, nikaishia na kamyo tatu, malori ya kupandisha mchele, chumvi na mafuta Luhwindja kwa wachimba dhahabu, pamoja na nyumba mtaa wa Muhumba yenye ngazi za kushuka mpaka ziwani. Kati ya mwanzo ule na mwisho huu kuna nyama ya mbuzi nyingi sana, sioni haya kusema. Miaka ile ya Zaïre mtu mwenye tumbo hakuhitaji kujieleza. Nikiingia dukani, kiti kilitolewa kabla sijasalimia. Fundi wangu wa abakosti, suti zetu za wakati ule zisizo na tai, alinikatia mita nne za kitambaa pale ambapo wengine walitosheka na mbili na nusu, na alikuwa akiwasimulia wateja wengine jambo hilo kwa fahari, kana kwamba tumbo lile tunalimiliki wawili.

Zile ngazi ndizo zilizonisaliti. Nilizijenga mwenyewe, ngazi sitini na moja, ili wageni waone kwamba naweza kuwa na ngazi sitini na moja. Mwaka wa kwanza nilizipanda nikiongea. Mwaka wa nne nilikuwa nasimama katikati na kujifanya naangalia mitumbwi. Nilikuwa nakojoa kila saa, na kiu haiishi. Hospitali munganga mmoja, mzungu mzee aliyeongea Kiswahili cha kwetu kuliko wengi wetu, alipima damu yangu akasema imekuwa tamu kama chai. Akaniamuru nile kidogo. Nilijaribu siku nne. Mke wangu anasema ni mbili.

Ndipo yule munganga akaniambia kwamba kule Ubelgiji ana rafiki anayepasua watu wa aina yangu, anawapunguzia tumbo kutoka ndani. Nilimwuliza kama operesheni hiyo wameshaijaribu kwa watu, au mimi ndiye wa kwanza. Akasema wameijaribu kwa wengi. Nilivunjika moyo kidogo, lakini nikakubali.

Kosa langu nililifanya kabla hata ya kupanda ndege. Katika mji ambamo kila mtu anatafuta cha kutia tumboni, ningewezaje kusema kwamba nasafiri kwa gharama yangu kwenda kulipunguza? Nikawaambia watu wote wa Nyawera, na madereva wangu, na kanisa zima, kwamba naenda Ulaya kununua kamyo mbili mpya. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua ukweli. Yeye alisoma, alikuwa mwalimu wa wasichana, na wasomi wana tabia ya kuona mbali. Aliniuliza nitazitoa wapi hizo kamyo nikirudi. Nikamwambia hayo ni mambo ya biashara.

Ule upasuaji nitaueleza vizuri, maana wengi wanausimulia bila kuuelewa, na mimi niliuelewa upesi kuliko mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa karani wa benki. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Mfuko wa chakula, alisema, kwako umekuwa kama gunia. Tunaukata juu kabisa, tunabakiza kipande cha ukubwa wa yai la kuku, hicho ndicho kitakachopokea chakula. Sehemu kubwa iliyobaki hatuitupi, inakaa ndani na kutoa maji yake, ila chakula hakipiti tena humo. Kisha tunachukua utumbo mwembamba, tunaruka kipande chake cha mwanzo, na kuuunga chini zaidi na lile yai. Nikamwambia nimeelewa: unaweka tanki ndogo, kisha unafunga bomba jipya linaloruka filta. Alicheka, akasema hajawahi kupata mwanafunzi kama mimi. Maneno hayo nimeyahifadhi.

Lakini filta, akaendelea, haikuwekwa pale bure. Katika kile kipande tunachoruka ndimo mwili unamochukua chuma cha kutengenezea damu, na vitu vingine vingi. Kwa hiyo nitakunywa vidonge maisha yangu yote, na kuchomwa sindano kila mwezi. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia. Kwa kweli nilikuwa nawaza sahani.

Nilipoamka na jeraha la kutoka kifuani hadi kitovuni, walinipa chakula changu cha kwanza: vijiko vitatu vya supu. Nilidhani ni vya kuonja. Nikala viwili, cha tatu kikanishinda. Mimi, niliyekuwa namaliza mguu wa mbuzi na kuuliza mwenzake uko wapi, nilishindwa na kijiko cha supu ya karoti mbele ya karani wa benki.

Kilichonishangaza zaidi ni sukari. Siku ya kumi walipima damu, sukari imeshuka, imekaa mahali pake kama ya kijana, na wakati huo mkanda wangu ulikuwa haujasogea hata tundu moja. Nilidhani ugonjwa unaondoka pamoja na mafuta. Hapana, uliondoka kabla yake. Daktari mwenyewe alikiri kwamba hawajaelewa vizuri; wanafikiri chakula kikifika upesi kule chini, utumbo hutuma habari kwenye kongosho, na kongosho huamka na kufanya kazi yake. Nililala nikilifikiria hilo. Kumbe utumbo unaongea. Miaka yote ile nilidhani ni bomba tu.

Na njaa iliondoka. Hapo watu hawaniamini. Si kwamba nilikuwa na njaa nikavumilia. Njaa yenyewe haikuja. Nilikuwa natazama saa ili nijue kwamba ni wakati wa kula, kama mtu anayengoja basi la watu wengine.

Nikarudi Bukavu. Mwezi wa tatu nilikuwa nimepungua uzito wa mtu mzima mwembamba, mwezi wa sita nikapungua na mtoto wake. Abakosti za mita nne zilining'inia kama pazia. Kuzipeleka kwa fundi sikuweza, maana angeeneza habari hadi Uvira, kwa hiyo niliendelea kuzivaa hivyo hivyo, na kila asubuhi nilikunja kitambaa nyuma na kukibana kwa pini. Kwa mbele nilionekana nimepungua. Kwa nyuma nilionekana kama mtu anayebeba kifurushi.

Mwili nao ulikuwa na maoni yake. Uliona chakula kimekatika ghafla, ukadhani kuna vita, ukaanza kubana matumizi. Injini ikajifunza kutembea kwa moto mdogo. Mimi niliyekuwa natoka jasho nikikaa tu, nilivaa sweta mbili saa sita mchana. Nywele zikaanguka. Vidonge nilivisahau, na damu ikapungua hadi viganja vikawa vyeupe, mpaka mke wangu alipoanza kunisimamia nivimeze. Bia nayo ilinigeuka. Zamani niliketi mbele ya kasha zima na kuinuka nikitembea sawasawa. Sasa glasi moja ilipita kwenye yai bila kusimama, ikaingia utumboni na kutoka hapo moja kwa moja hadi kichwani. Kabla glasi haijakauka nilikuwa nimeshamwahidi jirani mojawapo ya zile kamyo za Ulaya.

Na watu waliziulizia. "Patron, zile kamyo mupya ziko wapi?" Nikajibu ziko kwenye bahari. Zilikaa baharini miezi minane. Mwishowe hakuna aliyeuliza tena, na kutoulizwa kulikuwa kubaya zaidi. Madereva wangu walianza kunisalimia kwa sauti ya chini. Mama mmoja muuza mihogo, ambaye kwa miaka kumi alinitukana kwa furaha kila asubuhi, alinitolea kiti na kuniombea. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na ugonjwa mpya wa kukonda ulikuwa umeanza kusemwa mjini, bado kwa minong'ono. Wenye huruma walisema nimefilisika. Wengine wote walisema nina ule ugonjwa. Mimi nilikuwa sijawahi kuwa na afya nzuri namna ile, napanda ngazi sitini na moja nikiimba, na mji mzima unanizika polepole.

Ningeweza kuvumilia. Mtu aliyebeba magunia Nyawera anavumilia mengi. Lakini binti yangu wa kwanza alikuwa amechumbiwa.

Kijana alikuwa mwalimu, na baba yake inspekta wa shule, mtu mrefu, mkavu, mwenye miwani, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kunenepa wala kudaiwa maelezo. Siku ya kuleta mahari ilikuwa imepangwa. Wakatuma neno kwamba waisogeze mbele. Tukakubali. Wakatuma neno tena. Mara ya pili shangazi mmoja alifika nyumbani kwa kisingizio cha kuomba mbegu za maua, akaketi sebuleni na kuniangalia shingo muda wote. Tuliambiwa baadaye kwamba inspekta amesema hawezi kumwoza mtoto wake katika nyumba ambayo mwakani itakuwa na msiba, na baada ya msiba huo mwingine.

Mke wangu aliniambia niseme. Nikamwuliza niseme nini, kwamba nilisafirishwa kwa ndege kwenda kufundishwa kula kidogo? Mjini watanitungia wimbo. Alinijibu kwamba kuchekwa hakujaua mtu. Nikamwambia hilo anaweza kulisema mtu ambaye hajawahi kuogopwa. Usinicheke, msomaji; nilikuwa naamini kwa dhati kwamba ni afadhali wanione nakufa kama tajiri kuliko wanione mzima kama mjinga.

Binti yangu ndiye aliyenikuta barazani asubuhi moja, naangalia ziwa. Hakuketi. Alisema kwa sauti ileile ya kuuliza kama nataka chai:

"Papa, kama unakufa, uniambie mimi. Kama haukufe, uambie bakwe."

Nilimwambia sifi. Akangoja ile sehemu ya pili. Sikuitoa. Akaingia ndani, na sikumsikia akiimba jikoni wiki nzima.

Bakwe, wakwe zetu, walikuja hatimaye, kwa sababu kijana alikataa kuahirisha mara ya tatu. Tulijua wanakuja kunitazama. Nikajiandaa. Ndani ya abakosti nilijifunga taulo mbili kiunoni na moja kifuani, nikakaza kwa mkanda wa mizigo kutoka kwenye kamyo, na mbele ya kioo nikaona tajiri wa zamani amerudi. Mke wangu alinitazama, akafunga mlango, akaenda kupanga sahani.

Sasa lazima nieleze desturi. Upande wa kijana huja na kibuyu kikubwa cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, tamu hata mtoto akilamba atafurahi. Baba wa msichana ndiye anayeipokea na kunywa kwanza kwa mrija mbele ya watu wote. Akinywa, amekubali, na kibuyu kinazunguka. Asipokunywa, amekataa ndoa, na hakuna maneno ya kulitengeneza hilo siku hiyo. Sukari na pombe katika chombo kimoja: hata yule daktari wa Ubelgiji angeketi akatunga sumu ya tumbo langu, asingefika karibu na kasiksi. Zamani mfuko wangu ulikuwa na mlango chini yake, unaoachia chakula kidogo kidogo. Sasa mlango haupo kwenye njia. Sukari inaanguka utumboni yote kwa mpigo, maji ya mwili yanakimbilia huko kama watu kwenye moto, moyo unapiga, jasho linatoka, halafu sukari ya damu inapanda na kuporomoka, na mtu lazima alale chali. Nilikuwa nimeshaipata hali hiyo mara moja, kwa chai yenye vijiko vinne. Nilipanga kulowesha midomo tu.

Sebule ilijaa. Inspekta aliketi mbele yangu na miwani yake. Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, mtu mnene, Mungu amsamehe, mwenye mdomo wa kuuza hata mvua. Alitoa salamu, akatusifu, akasifu ngazi, akaniletea kibuyu. Niliinama, nikagusa mrija, nikainuka nikijifuta mdomo.

Msemaji hakukipokea. Alikitazama, akanitazama mimi.

"Mukwe," akasema, "siye tulisikiaka ya kama kibuyu moja ilikuwa yako ya kufungua tu kinywa. Ama hii pombe yetu iko mubaya?"

Watu walicheka kwa adabu. Inspekta hakucheka. Kwenye mlango wa ndani nilimwona binti yangu, amesimama nyuma ya mama yake. Ningeweza kusema hapo hapo. Badala yake nilikivuta kibuyu na kunywa mivuto mitatu mirefu, kama zamani, nikakirudisha na kutoa sauti ya kuridhika. Wakapiga makofi. Kwa dakika kumi na tano nilikuwa mtu niliyekuwa.

Kisha moyo ukaanza kudunda. Jasho lilitoka usoni, likaingia machoni, taulo zikalinywa zikawa nzito. Msemaji alikuwa anaeleza habari ya ng'ombe na mimi nikamwona wawili, wote wanene. Nikajaribu kusimama nitoke. Mkanda wa mizigo ulikatika, na taulo ya chini, ya kijani, ikateremka ndani ya suruali na kutokea kwenye kiatu.

Shangazi wa mbegu za maua alifunika mdomo. Inspekta alivua miwani, akaifuta, akasimama taratibu na kusema kwamba wangeomba kutoka nje kidogo washauriane. Tulijua wote kwamba wakishatoka hawatarudi. Binti yangu hakulia. Aligeuza uso ukutani, basi.

Nadhani ni pombe iliyonifungua vifungo, lakini napenda kuamini kwamba nilisaidia. Nilivua abakosti, nikatoa taulo nyingine mbili, nikainua singleti na kuwaonyesha kovu lote.

"Mimi sikufe," nikasema. "Nilikuwa mugonjwa ya kula. Nilienda kwa bazungu, nikabalipa, bakanikata tumbo, bakaniachia ya yai. Hakuna kamyo. Hakunaka kamyo."

Inspekta alisogea, akainama, akaliangalia kovu kama daftari la mwanafunzi.

"Ulilipa batu," akauliza, "juu usikule?"

"Ndiyo."

Aliyeongea baada yake ni bibi mmoja wa upande wao, mdogo kama fungu la kuni, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka tangu asubuhi bila kufungua mdomo.

"Kwetu batu banakonda bure," akasema, na sebule yote ikaanguka kwa kicheko, wao na sisi.

Inspekta peke yake alikuwa mtu wa karatasi, akataka ushahidi. Mke wangu alikuwa ameshaishika mkononi barua ya hospitali ya Ubelgiji yenye muhuri. Mimi sikuwahi kuisoma. Kifaransa changu kinaishia kwenye vipuri vya kamyo. Inspekta aliisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na kuwatafsiria wazee. Akasoma uzito niliofika nao, wazee wakapiga mluzi. Akasoma kwamba damu imepimwa yote, kila ugonjwa, na haina kitu, hapo akasoma mara mbili na kuwatazama watu wake mmoja mmoja. Ningependa aishie hapo. Akaendelea: kwamba mgonjwa ana akili ya kuelewa lakini hatii, kwamba alikutwa na chokoleti ndani ya soksi, kwamba alilia alipoona supu. Miezi yote ile barua hiyo ilikaa kabatini, nami nilidhani inanisifu.

Wakaketi. Nami nikaanguka kwenye kochi, mtu akanivua viatu na kunifunika pazia la dirisha. Nikasikia msemaji akiuliza jambo gumu: baba amekunywa, lakini pombe imemwangusha, je hiyo inahesabiwa kuwa amekubali au amekataa? Wazee walibishana. Hakuna aliyekumbuka jambo kama hilo. Bibi wa kwenye mkeka ndiye aliyekata shauri: kama tumbo la baba limebaki kama yai, anywe mwenye tumbo zima. Mama wa msichana apewe mrija. Hilo lilikuwa halijawahi kufanyika kwetu. Mke wangu alipiga magoti, akanywa bila haraka, akampa inspekta, na inspekta akanywa, akampitishia msemaji.

Hivyo ndivyo nilivyomwoza binti yangu wa kwanza, nimelala chali, bila viatu, macho yamefumbwa, moyo unarudi polepole mahali pake. Nilisikia vigelegele vikipita juu yangu. Baadaye nilisikia mkono wa binti yangu kwenye paji la uso, unapima jasho, na sauti yake ikimwambia mtu, nadhani mume wake, alete maji yasiyo na sukari.